Jiwe Lina Mwenyewe

Wapo vijana wanaokusanya jezi za mpira, na wapo wanaokusanya raba. Mimi nakusanya mawe. Pale kijiweni kwetu Temeke washkaji walianza kunicheka tangu nipo kidato cha pili. Mmoja wao akanibandika jina la Bwana Kokoto, na mpaka leo muuza chipsi ananiita hivyo. Sikasiriki. Huwajibu kwamba hata wao wanashinda kijiweni mchana kutwa, tofauti ni kuwa mimi najua kijiwe changu kimetoka wapi.

Hapo nadanganya kidogo. Mawe yangu yamo katika boksi la viatu chini ya kitanda. Kuna kipande cha tumbawe la Kigamboni, kuna bamba la ulanga kutoka Morogoro linalobanduka kama kurasa za kitabu, kuna kwatzi jeupe kama sukari guru iliyosafishwa, na kuna mengine ambayo, kusema kweli, sikumbuki niliyaokota wapi. Mwalimu wa jiografia aliyeniambukiza ugonjwa huu alikuwa akituambia tuandike kila jiwe mahali lilipookotwa na tarehe yake. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi ni kokoto tu, alisema, hata liwe zuri namna gani. Nilimwelewa nusu. Nusu ya pili nilikuja kuielewa Longido, na aliyenifundisha ni mtoto wa darasa la nne.

Kabla sijafika huko, ndugu msomaji, nikuambie na ugonjwa wangu wa pili. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakagoma kunisogeza mbele, niliapa kuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe ninayo, imejaza kauntabuku tatu. Inamhusu kijana wa mjini anayekwenda machimboni kusaka utajiri. Machimbo nilikuwa sijayaona hata kwa dawa. Niliyajenga kwa stori za kijiweni na vipande vya magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Katika sura ya nne niliweka bibi mmoja wa Kimasai anayepita na kibuyu, anamtamkia shujaa wangu maneno ya baraka, kisha anatokomea kwenye vumbi. Sura hiyo niliipenda kupita zote. Niliwasomea washkaji wawili, wakatikisa vichwa kama watu waliosikia jambo zito.

Basi, mwaka jana mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori, alinichukua katika safari ya Namanga. Alikuwa amepakia mabomba ya plastiki. Tulipita Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, nami nimebanwa katikati yake na utingo, kauntabuku mapajani. Tulipoiacha Arusha na kushika barabara ya kaskazini, nchi ikabadilika. Miti ikapungua, upepo ukaongezeka, na Mlima Meru ukabaki nyuma yetu. Tulipoingia Longido, yapata kilomita 80 kutoka Arusha, chini ya gari kukasikika mlio kama wa sufuria lililojaa misumari.

"Difu hiyo," mjomba alisema bila hata kushuka.

Utingo akarudishwa Arusha kutafuta spea. Tukaambiwa siku mbili, na kwa kuwa ni spea, tukahesabu tatu.

Siku ya kwanza nilimaliza kuuona mji wote kabla ya saa nne asubuhi. Longido imekaa chini ya mlima wenye jina hilohilo, na asubuhi ule ubaridi wake unamfanya mtu wa Dar aulize kama kuna anayeuza koti. Niliingia dukani kununua maji. Mlango wa duka ulikuwa umezuiwa na jiwe usipigwe na upepo. Nikaliangalia mara moja. Nikaliangalia tena. Halafu nikachuchumaa. Lilikuwa la kijani kibichi, lina mabaka meusi kama wino uliomwagika, na ndani ya kijani kulikuwa na doa jekundu la zambarau, kubwa kama kizibo cha soda.

"Hilo la Mundarara," mwenye duka alisema. "Huko yamejaa."

Nililijua jiwe lile kwa picha. Rangi ya kijani ni madini yaitwayo zoisaiti. Meusi ni amfiboli. Jekundu ni rubi, yaani yakuti nyekundu. Mawe haya ya Longido yalianza kujulikana kwa wataalamu miaka ya 1950, na wakayapa jina anyolaiti, kutokana na neno la Kimasai la rangi ya kijani. Rubi yake kwa kawaida haipitishi mwanga, kwa hiyo mengi hayachongwi pete bali vinyago, shanga na mapambo ya mezani. Lakini kwa mkusanyaji ni jiwe moja lenye rangi tatu zinazogombana, na utaliona mara ngapi? Usiku ule sikulala vizuri. Mjomba alidhani ni baridi.

Kesho yake nikampata kijana wa bodaboda, Mmasai wa rika langu, tukaelekea magharibi kwa barabara ya vumbi. Njiani alinifundisha kusalimia. Mama mtu mzima nimwite yeyo, nimwambie "Takwenya", naye atajibu "Iko". Tulipokaribia kijijini akapunguza mwendo.

"Broo, ofisi ya kijiji ile pale. Unaripoti?"

"Ya nini? Mimi nachimba? Naokota tu mawe."

Aligeuka akanitazama, kisha akatia gia. Mwenyeji hakulazimishi, anakutazama tu.

Karibu na mashimo kulikuwa na vilima vya kifusi. Wachimbaji wakishatoa mawe chini, wanachagua yenye mali, na yanayobaki humwagwa nje. Juu ya kifusi hicho walikaa akina mama na nyundo ndogo. Wanapasua, wanageuza, wanatupa. Wanapasua, wanageuza, wanatupa. Nyundo zao zilikuwa hazigongi pamoja, lakini ukisikiliza kwa muda unaona kama zinajibizana. Nilisalimia kwa mbali ile salamu yangu mpya, wakacheka kwa matamshi yangu, nami nikazungukia upande wa pili wa kifusi kuanza uwindaji wangu.

Nilikuwa nimejiandaa. Mfukoni nilikuwa na msumari, kipande cha kioo na lile kwatzi langu jeupe. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kwa ugumu, kuanzia talki laini inayopondwa kuwa poda ya watoto, ambayo ni ya 1, hadi almasi ambayo ni ya 10. Kucha ya mtu iko kama 2 na nusu, kioo kama 5 na nusu, kwatzi 7, na rubi 9. Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekuambia jiwe jekundu likikwaruza kioo basi ni rubi. Hata kwatzi la barabarani linakwaruza kioo. Lijaribu kwenye kwatzi. Rubi italiachia kwatzi kovu.

Nilipekua saa nzima. Nikapata kijani tupu, nikapata kijani na cheusi, nikapata madoa mekundu madogo kama punje za mtama. Jua likapanda. Ndipo pembeni, nyuma ya kichaka cha mgunga, nikaona kipande cha gunia kimelala chini, na kokoto nne zimewekwa kwenye pembe zake.

Naomba uniruhusu niseme polepole hapa, maana hapa ndipo ilipo habari yote. Nililiona gunia. Niliziona zile kokoto nne. Mtu yeyote mwenye akili angejua gunia halijikandamizi lenyewe. Lakini nilijiambia kwamba upepo ndio uliolileta. Nikalifunua. Chini yake kulikuwa na mawe pengine ishirini, na moja wapo lilikuwa kubwa kama yai la kuku, kijani safi, na katikati rubi yenye pembe sita kamili, kana kwamba mtu ameichora kwa rula. Sikulijaribu kwenye kwatzi. Nililitia kwenye soksi, nikarudisha gunia na kokoto zake nne mahali pake.

Angalia hilo, msomaji. Mtu anayeamini kuwa gunia limeletwa na upepo kwa nini arudishe kokoto nne?

Nilikuwa nimeanza kuondoka nilipoitwa. "Kaka! Kaka! Bibi anasema njoo unywe chai."

Alikuwa binti mdogo, sketi ya shule na shuka begani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Bibi yake alikuwa amekaa peke yake ukingoni mwa kifusi, kichwa kimenyolewa, hereni za shanga zimening'inia mpaka karibu na mabega. Nikasema "Takwenya, yeyo." Akajibu "Iko," akanisogezea kikombe cha bati. Chai ya maziwa, tamu, ina harufu ya moshi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimasai changu kiliishia pale kwenye salamu, kwa hiyo binti akawa mkalimani wetu. Bibi aliuliza kwetu ni wapi. Akauliza kama mama yangu yupo hai. Akauliza kama kweli kule Dar watu wanakunywa maji ya kununua. Nilijibu yote, na wakati wote huo soksi inanichoma.

Kisha akainuka, akaenda kwenye kichaka, akafunua gunia.

Alihesabu. Akahesabu tena, safari hii akigusa kila jiwe kwa kidole. Nilingoja apige kelele. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu. Lakini bibi yule hakupiga kelele, wala hakunitazama. Alipiga magoti akaanza kupapasa chini ya kichaka, akageuza majani makavu, akarudi nyuma kwa magoti akifuata njia aliyopita asubuhi. Alikuwa ananung'unika peke yake.

"Anasema nini?" nilimuuliza binti.

"Anasema macho yake sasa yamekwisha. Anasema asubuhi aliliweka jiwe, kumbe hakuliweka. Jiwe la kumpa broka Jumatano. Anasema kama macho yamekwisha hataweza kuchagua tena."

Nimesoma riwaya nyingi ambamo mtu anatubu kwa ushujaa. Mimi sikutubu kwa ushujaa. Nilikwenda kule kichakani nikajifanya kusaidia kutafuta. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, nikalichomoa jiwe kwenye soksi, nikaliangusha kwenye majani. Halafu nikapaza sauti, "Yeyo! Hili hapa!"

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kaka," alisema, wala si kwa ukali, kama mtu anayemsahihisha mwenzake hesabu ubaoni, "umelitoa kwenye soksi."

Sikuwa na jibu. Lugha zote nilizonazo ziliniishia. Binti akamgeukia bibi yake, akamweleza kwa Kimasai, maneno machache tu, akionyesha mguu wangu. Nilitazama chini. Nilisikia nyundo za wale mama wengine zimenyamaza upande wa pili, au labda ni masikio yangu tu.

Kisha nikasikia bibi anacheka. Nikainua uso. Alikuwa anacheka kweli, kiganja kwenye kifua, na machozi kidogo.

"Anasema anamshukuru Mungu," binti akatafsiri. "Macho yake hayajaharibika."

Kama angenitukana ningejua la kufanya. Ningeomba radhi, ningeondoka, na baada ya mwezi ningekuwa nasimulia kijijini kwao wakali namna gani. Lakini mtu niliyemwibia alikuwa anafurahi kwamba ameibiwa, maana kuibiwa ni afadhali kuliko kupofuka. Niliomba radhi. Binti alitafsiri. Bibi akachukua jiwe, akalilowesha kwa mate, akalisugua kwa kidole gumba mpaka ile rubi ikawaka, akaniwekea mkononi. Akasema kitu.

"Anasema lipime."

Ndipo akanifundisha ambacho msumari wangu na kioo changu havikunifundisha. Unashika jiwe lenye rubi mkono huu, na jiwe la ukubwa uleule lisilo nayo mkono huu. Lenye rubi linavuta chini. Wataalamu wanasema rubi ina uzito mara 4 ya maji, zoisaiti mara 3 na kitu, kwatzi mara 2 na kitu. Bibi hakuyajua maji wala hesabu, alikuwa na mikono. Jiwe lililofunikwa na vumbi anaweza kulitambua kabla hajalipasua.

Nilibaki pale mpaka saa kumi. Nilimbebea kifusi kwa ndoo, nikapasua, nikageuza, nikatupa. Katika saa tatu nilitoboa vidole viwili na sikupata rubi hata moja ya kuwekwa kwenye gunia. Nilimuuliza binti lile jiwe la yai broka atatoa kiasi gani. Akapandisha mabega. "Elfu tano. Au akisema halifai, basi." Nilipiga hesabu. Nauli yangu ya bodaboda ya siku hiyo, kwenda na kurudi, ilizidi bei ya jiwe nililokuwa tayari kuiba.

Wakati wa kuondoka bibi alinipa kipande kidogo cha kijani na cheusi, kisicho na wekundu wowote. Hicho, alisema, hakina broka wa kukitazama. Safari hii nilimwambia kijana wa bodaboda asimame kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa anafunga mlango. Alinisikiliza, akakigeuza kipande changu, akanieleza kwa upole ambao sikustahili. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote yaliyomo ardhini ni mali ya Jamhuri. Kuchimba kuna leseni, kununua kuna leseni, na tangu mwaka 2019 yapo masoko rasmi ya madini. Mgeni anayetaka kuangalia mawe anaanza ofisini, anaeleza shida yake, anapewa mtu wa kumtembeza. "Kingine hicho nenda nacho," alisema. "Ila ungeanza hapa, usingepata aibu." Sikuwa nimemwambia habari ya soksi. Kijijini habari hutembea haraka kuliko pikipiki.

Mjomba nilimkuta amekaa juu ya tairi. Nilimsimulia yote, maana uso wangu ulikuwa umeshasema. Alinyamaza kitambo.

"Mpwa wangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekwenda, mwenyeji apoteze macho."

Usiku ule, ndani ya lori, nilifungua kauntabuku nikasoma sura ya nne kwa tochi ya simu. Bibi yangu wa kibuyu alipita, akabariki, akatokomea. Hakuwa na gunia. Hakuwa na siku ya Jumatano. Hakuwa na mjukuu wa kumsemea wala macho ya kuogopa kuyapoteza. Nilikuwa nimemwokota mahali, kama mawe yangu yale yasiyo na karatasi, nikamtia kwenye soksi, nikarudishia kokoto nne juu ya gunia ili msomaji asione kitu.

Nikakumbuka habari ya tanzanaiti. Madini yale ni zoisaiti vilevile, ndugu wa kijani cha Longido, ila yale ni ya buluu. Yaligunduliwa Mererani mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikayapa jina na kuyatangaza duniani. Dunia ikalijua jiwe, ikajua na duka. Mzee Jumanne Ngoma, aliyeyaokota, alingoja mpaka Aprili 2018 ndipo akatambuliwa mbele ya taifa na Rais Magufuli pale Mererani. Miaka 51. Alifariki mwaka uliofuata. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikasirika sana, nikauliza inakuwaje watu wanachukua jiwe na kumwacha mtu. Kumbe ningejiuliza mwenyewe.

Sura ya nne naiandika upya. Imeshanishinda mara tano, kwa sababu sasa bibi hakubali kutokomea. Anakaa, anahesabu, anauliza maji ya kununua yana ladha gani. Wenzangu mnaoshika kalamu, sina la kuwafundisha, mimi mwenyewe bado naokota. Lakini ukikuta gunia limewekewa kokoto nne, usiseme ni upepo.

Boksi la viatu bado liko chini ya kitanda. Yale mawe nisiyoyajua yalikotoka nimeyatoa, nikayamwaga kwenye kokoto za jirani anayejenga. Kipande cha Mundarara nimekifungia karatasi. Nimeandika mahali, nimeandika tarehe. Chini yake nikaongeza mstari ambao mwalimu hakutufundisha: Nimepewa na bibi mwenye macho mazima.